Mali Bila Daftari, Daftari Bila Mali

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya dukani, ya mizani na kalamu iliyochomekwa sikioni, lakini kwa zaidi ya karne moja imekuwa ndiyo imani ya watu wanaohangaika na lugha zinazokufa. Lugha ni mali, wazee ndio wenye mali, na wazee wanaondoka. Basi andika. Andika maneno, hadithi, majina ya miti, kisha weka daftari mahali pasipofika mchwa.

Katika miaka ya 1980 daftari hilo lilianza kuwa mashine. Siku hizi habari za akili bandia kuokoa lugha zinasimuliwa kana kwamba jambo lilianza jana. Halikuanza jana. Lina historia, na ndani ya historia hiyo kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa Kiswahili hatuambiwi: lugha yetu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo za mashine moja ambayo baadaye ilikwenda kuhudumia Wasami wa kaskazini mwa Ulaya na Wakree wa Kanada. Tuifuate safari hiyo, maana mwisho wake unatudai kitu.

Changu na chatu

Tuanze na neno dogo: changu. Mwenye Kiswahili chake anajua, hata kama hajawahi kufundishwa, kwamba ndani ya changu kuna ki- na -angu. Kwa ndani ni ki-angu, kwa nje ni changu. Vivyo hivyo vi-angu ni vyangu, mu-ana ni mwana. Mtoto mdogo husema "kiatu kiangu", watu wakacheka, naye akajirekebisha.

Lakini hebu tazama tena hicho kiatu. Mbona hakikugeuka kuwa chatu? Masikio yetu yanajua kwamba kanuni inagusa hapa na haigusi pale. Kompyuta haina masikio. Ukiiambia "ki- ikikutana na a iwe ch-", itakuvalisha nyoka miguuni.

Sasa chukua neno refu: hawakutuandikia. Ukilitafuta kwenye kamusi hulipati. Unatakiwa kwanza ung'oe ha-, wa-, -ku-, -tu-, kisha uing'oe ile -i- ya kutendea, ndipo ufike kwenye andika. Kwetu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa mwanafunzi mgeni ni ukuta. Na kwa kompyuta za zamani, zilizotengenezwa na watu waliozoea Kiingereza, lilikuwa fumbo kabisa, maana mashine hizo zilidhani neno ni kitu kimoja kisichobadilika, kama tofali.

Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Kimmo Koskenniemi alitoa tasnifu yake iliyopendekeza njia ya kulivunja fumbo la namna hiyo. Si ajabu wazo lilitoka Ufini. Kifini kina hali 15 za nomino, karibu kila moja na kiambishi chake nyuma ya neno, na ukiongeza umilikishi na vijineno vingine nomino moja inaweza kuwa na sura zinazohesabiwa kwa maelfu. Mfini akitaka kikagua tahajia hawezi kuorodhesha maneno yote, orodha haiishi.

Kabla yake wanaisimu walizoea kupanga kanuni foleni: kanuni ya kwanza inabadilisha neno, inampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Foleni hiyo ni nzuri ukitoka ndani kwenda nje. Kurudi kinyumenyume, kutoka changu hadi ki-angu, ni shida, kwa sababu hujui ni nani aligusa nini. Koskenniemi aliziweka ngazi mbili sambamba, ya ndani na ya nje, halafu akazisimamisha kanuni zote kwa pamoja kama walinzi mlangoni. Kila mlinzi anatazama jozi ya herufi, moja ya ndani na moja ya nje, na kusema inapita au haipiti. Kwa kuwa hakuna foleni, njia inapitika pande zote mbili: mpe neno zima akuvunjie, au mpe vipande akuundie.

Mashine hiyo ilikuwa nyepesi. Mwaka 1990 shirika la SIL, linalojulikana kwa kazi za isimu na tafsiri ya Biblia, lilitoa programu iliyoitwa PC-KIMMO, kwa heshima ya jina lake, iliyoweza kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida za mezani. Ghafla mtu aliyekaa kijijini na lugha isiyo na hata gazeti moja aliweza kuieleza lugha hiyo kwa mashine, mradi aijue sarufi yake.

Hilo sharti la mwisho lishike. Tutarudi kwake.

Kiswahili kinaingia darasani

Arvi Hurskainen alikuwa mtafiti wa Kifini ambaye kabla ya kuingia kwenye kompyuta aliandika kuhusu wafugaji wa Kiparakuyo wa Tanzania; tasnifu yake ya mwaka 1984 ilihusu ng'ombe na utamaduni wao. Kuanzia mwaka 1985 alianza kukifundisha Kiswahili kwa mashine ya ngazi mbili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kazi hiyo.

Kiswahili kiliipa mashine mtihani mpya. Kifini hurundika mambo nyuma ya neno. Sisi tunarundika mbele na nyuma, na tena mbele kunajua yanayotokea nyuma. Linganisha anasoma na hasomi. Ukishatia ha- mwanzoni ukaondoa -na-, basi irabu ya mwisho lazima iwe -i. Katikati kuna shina lote, na bado kichwa na mkia vinasikilizana. Mkopo wa Kiarabu unavunja mpango huo: anafikiri, hafikiri, mkia haukutikisika. Yote hayo yalipaswa kuandikwa, kitenzi kwa kitenzi, na mtu aliyekaa na kamusi.

Halafu likaja tatizo ambalo washairi wetu wamelifanyia biashara tangu enzi: neno moja, maana mbili. "Watoto wako nyumbani." Ni watoto wa nani? Ni watoto wako wewe, waliopo nyumbani? Au ni kwamba watoto, wa yeyote yule, wapo nyumbani? Mashine ya kuvunja maneno inakupa majibu yote mawili na kukuachia. Fred Karlsson, naye wa Helsinki, alitangaza mwaka 1990 njia ya kuchuja: unaandika kanuni zinazotazama majirani wa neno na kuondoa maana zisizowezekana, moja baada ya moja, mpaka ibaki moja, au zibaki zile ambazo kweli hata binadamu hawezi kuamua. Hurskainen aliiunganisha na yake, na mfumo mzima ukaitwa SALAMA.

Kutokana na mfumo huo ilipatikana Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, mkusanyo wa magazeti na vitabu ambao toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno takriban milioni 12.5, kila neno limevunjwa na kuwekewa alama: hili kitenzi, hili nomino ya ngeli fulani, hili limetoka Kiarabu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu matumizi ya -ki- katika magazeti hahitaji tena kusoma nakala elfu kwa macho.

Kiswahili, bila shaka, hakikuwa mgonjwa. Kilikuwa na magazeti, redio, bunge na mamilioni ya wasemaji. Kilichotokea ni kwamba lugha yenye afya ilionyesha kuwa mashine iliyozaliwa kwa ajili ya Kifini inaweza kubeba sarufi ya mbali kabisa. Waliokuwa na lugha zinazougua wakaiona njia.

Giella

Wasami wanaishi kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini, na katika rasi ya Kola nchini Urusi. Kwa Norwe, serikali iliamua katika karne ya 19 kwamba watoto wao wawe Wanorwe. Maagizo ya mwaka 1880 na 1898 yaliwabana walimu watumie Kinorwe, na Kisami kibaki kama msaada tu pale kisipoepukika. Sheria ya mwaka 1902 iliweka sharti kwamba ardhi ya serikali huko Finnmark iuzwe kwa mtu anayejua Kinorwe na kukitumia kila siku. Hebu fikiria: lugha unayomwambia mtoto jikoni ndiyo inaamua kama utapata shamba. Haikuchukua muda mrefu kabla ya wazazi wengi kuamua kuinyamazia.

Aliyesoma *Decolonising the Mind* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1986, anaitambua hali hiyo. Mtoto aliyekamatwa akisema Gĩkũyũ shuleni alichapwa, au akavishwa kibao cha kumdhalilisha. Bara tofauti, fimbo ni ile ile.

Kilichogeuza mambo kwa Wasami hakikuwa kompyuta. Ilikuwa siasa. Kati ya mwaka 1979 na 1981 walipinga ujenzi wa bwawa la umeme kwenye mto Alta; wengine waligoma kula mbele ya bunge jijini Oslo. Bwawa lilijengwa, lakini nchi ilikuwa imeshatikisika. Sheria ya Wasami ilipitishwa mwaka 1987, na mwaka 1989 Bunge la Wasami likafunguliwa. Mwaka 1979 huo huo Kisami cha Kaskazini, ambacho kina wasemaji wengi kuliko ndugu zake, kilipata tahajia moja kwa nchi zote tatu za Nordi.

Bila tahajia hiyo hakuna mashine. Na hata ilipopatikana, herufi zenyewe zilikuwa msiba: č, đ, ŋ, š, ŧ, ž. Kibodi za kawaida hazikuzijua. Ukimtumia mwenzako barua, inafika imejaa alama za ajabu. Wale wanaoandika Gĩkũyũ wakichoka kutafuta ĩ na ũ kwenye simu, wakaamua kuandika i na u tu, wanaelewa kwamba lugha inaweza kumomonyoka kwa sababu ya kitufe kimoja kilichokosekana.

Katika Chuo Kikuu cha Tromsø likaanzishwa kundi la Giellatekno, jina lililotokana na giella, yaani lugha. Trond Trosterud na wenzake walichukua mashine ya ngazi mbili na uchujaji wa Karlsson wakaviweka kwenye Kisami. Neno giella lenyewe ni mfano wa kazi waliyokutana nayo: likitaka kusema "ya lugha" linakuwa giela, konsonanti ya katikati inapungua. Guolli, samaki; guoli, ya samaki. Mabadiliko yanatokea tumboni mwa neno, si kichwani wala mkiani. Bunge la Wasami nalo liliendesha mradi wa Divvun, na mwaka 2007 kikagua tahajia cha Kisami cha Kaskazini na cha Kisami cha Lule vilitolewa bure.

Kikagua tahajia! Inasikika kama kitu kidogo. Lakini fikiria mwalimu wa miaka 35 ambaye lugha alinyang'anywa shuleni, akaisoma upya ukubwani, na sasa anatakiwa kuandika taarifa kwa wazazi. Anaogopa. Anaogopa kuaibishwa na wazee kwa kukosea konsonanti. Mstari mwekundu unaomrekebisha kimya kimya, bila mtu kucheka, unamfanya aandike ukurasa ambao asingeuandika. Na ukurasa huo mtoto fulani atausoma.

Bibi wa mtu fulani

Kutoka Tromsø mashine ilivuka bahari. Katika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, Antti Arppe, Mfini mwingine, aliongoza kundi lililoshirikiana na watu wa Tromsø kushughulikia Kikree cha Nyanda, ambacho wenyewe wanakiita nêhiyawêwin. Kazi yao ya kwanza kuhusu nomino ilionekana mwaka 2014.

Wakree walipitia yale ya shule za bweni, ambazo serikali ya Kanada iliziendesha pamoja na makanisa ili kuwatenga watoto na lugha na wazazi wao. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyomaliza kazi mwaka 2015, ilitaja watoto wapatao 150,000 wa jamii mbalimbali waliopitishwa huko. Waziri mkuu aliomba radhi bungeni mwaka 2008. Radhi haimrudishii mtu kitenzi.

Na vitenzi vya Kikree ni vya kustaajabisha, hasa kwa sikio la Mswahili. Sisi tunasema ninakuona na unaniona: mtendaji anakaa mbele, mtendwa anafuata. Mkree anasema kiwâpamitin, ninakuona. Na kiwâpamin, unaniona. Yote mawili yanaanza na ki-, na ki- hiyo ni wewe. Wewe unatangulia daima, uwe unaona au unaonwa. Ni mkia wa neno unaosema nani amemfanyia nani nini. Ukibaki mimi na yule mwingine, mimi natangulia: niwâpamâw, ninamwona, niwâpamik, ananiona. Sarufi yenyewe ina adabu yake ya nani atajwe kwanza.

Ngeli nazo zipo, ingawa mbili tu: vyenye uhai na visivyo na uhai. Jiwe, asiniy, limo kwenye vyenye uhai. Usiulize kwa nini haraka hivyo; na sisi tumeliweka jua pamoja na jicho na jiko.

Kisha kuna majina ya ukoo. Nôhkom ni bibi yangu. Kôhkom ni bibi yako. Ndani ni ni- na ki- zikikutana na ô, kama ki- yetu inavyokutana na -angu. Lakini bibi mtupu, bibi asiye wa mtu, hana neno la kusimama peke yake. Lazima awe wa mtu. Sasa mjukuu aliyelelewa kwa Kiingereza anafungua kamusi ya karatasi kumtafuta bibi. Atafute herufi gani? Kamusi kubwa ya Arok Wolvengrey ya mwaka 2001 ni hazina, ila hazina ina mlango, na mlango ni sarufi ambayo mjukuu hanayo.

Hapo ndipo mashine inapofanya kazi isiyowezekana kwa karatasi. Katika kamusi ya mtandaoni itwêwina, maana yake "maneno", unaandika neno lolote jinsi ulivyolisikia, likiwa limevaa viambishi vyake vyote. Mashine inalivua, inakuonyesha shina, maana na ndugu zake wote. Kwa maneno mengi utasikia pia sauti, kwa sababu tangu mwaka 2014 wazee wa Maskwacîs, Alberta, wamekuwa wakiketi na watafiti kurekodi maneno moja moja. Mjukuu anasikia jinsi bibi anavyotamkwa na mtu ambaye ni bibi wa mtu.

Mashine inayokula na mashine inayofundishwa

Nimeieleza mashine hii kwa urefu kwa sababu ni tofauti na ile inayotajwa siku hizi. Akili bandia ya sasa hailezwi sarufi. Inalishwa maandishi, mamilioni na mabilioni ya maneno, mpaka ikajikisia yenyewe. Kwa Kiingereza chakula kipo. Lugha yenye wasemaji 400 itaitoa wapi? Itakachopewa ni Agano Jipya, vitabu vichache vya shule na nyimbo. Ikishamaliza, inaanza kubuni maneno yasiyokuwepo, kwa ujasiri mkubwa. Kwa lugha yenye wazee watano, neno la uongo lililosemwa kwa ujasiri ni sumu, maana wa kulikanusha hawatoshi.

Mashine ya Helsinki inataka kitu kingine. Inataka mtu anayeijua sarufi na msemaji anayemsahihisha. Ni kazi ya miaka. Ila kila inachokijua kuna mtu alikiweka, na kikiwa kosa unaweza kukifuata hadi kwenye mstari ulipoandikwa.

Sitaki kusema ile nyingine haifai. Huko Kaitaia, kaskazini mwa Nyuzilandi, kituo cha redio cha Wamaori cha Te Hiku Media kiliwaomba watu mwaka 2018 wasome sentensi za Kimaori mbele ya simu na kompyuta zao. Kwa siku 10 walijitokeza watu zaidi ya 2,500 na kutoa zaidi ya saa 300 za sauti, zikatosha kuifundisha mashine kusikia Kimaori. Makampuni ya nje yalipotaka kununua sauti hizo, kituo kilikataa, kikaweka leseni inayosema sauti ni amana, na anayezishika ni mlinzi tu, si mwenye mali. Wale waliopigwa kwa kuisema lugha yao, walisema, hawatarudi kuuziwa lugha hiyo hiyo kama bidhaa.

Watu 2,500 hawakujitokeza kwa sababu ya mashine, lakini. Walikuwepo kwa sababu mwaka 1972 ombi lenye saini zaidi ya 30,000 lilipelekwa bungeni kudai Kimaori kifundishwe. Kwa sababu mwaka 1982 wazee, wengi wao wanawake, walianzisha kōhanga reo, viota vya lugha, vituo ambako watoto wachanga hulelewa kwa Kimaori tu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kwa sababu mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Waliosoma sentensi mwaka 2018 wengine ni watoto wa viota hivyo.

Kiota na kamba

Kiota kilisafiri kama mashine ilivyosafiri, na vilikutana mahali pamoja: Inari, kaskazini mwa Ufini. Kisami cha Inari kina wasemaji mia chache, na katika miaka ya 1990 karibu wote walikuwa wazee. Mwaka 1997 chama cha lugha hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilifungua kiota cha kwanza kwa mfano wa Wamaori. Watoto wakaanza kuisema. Ndipo ikaonekana pengo: bibi anasema, mjukuu anasema, mama na baba katikati hawasemi. Nani awe mwalimu? Nani aandike vitabu? Katika mwaka wa masomo 2009 hadi 2010, watu wazima 17 waliacha shughuli zao wakakaa kusoma lugha mwaka mzima, darasani na kwa kuwafuata wazee majumbani, wakivua na kupika pamoja nao. Wengi wao walitoka hapo kwenda kufundisha, kutangaza na kulea kwa Kisami cha Inari.

Na mashine? Ipo. Kuna kikagua tahajia, kuna kamusi, na watu wa Tromsø walitengeneza mfasiri wa kanuni anayegeuza maandishi ya Kisami cha Kaskazini kuwa Kisami cha Inari, ili mwandishi apate rasimu ya kusahihisha badala ya kuanzia karatasi nyeupe. Kwa jamii yenye waandishi wachache mno, huo ni mkono wa ziada. Lakini angalia mpangilio. Kwanza kiota. Kisha watu wazima 17. Kamba ya mashine ikaja kufunga mzigo ambao tayari ulikuwa umebebwa.

Sasa geuza: daftari lipo, mzigo haupo. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, Kenya, wanaishi Wayaaku, waliokuwa wawindaji na warina asali. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 walihamia kwenye ufugaji, na pamoja na ng'ombe wakahamia kwenye Kimaasai. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine aliandika maelezo ya lugha yao, wakati waliobaki nayo walikuwa wachache. Tangu miaka ya 2000 wapo Wayaaku wanaojaribu kuirudisha, na walipotaka kuanza walijikuta wakitegemea kumbukumbu za wazee wa kuhesabika na karatasi za wageni. Daftari lile liliwafaa. Bila hilo wasingekuwa na pa kushika. Ila hakuna programu inayoweza kuwarudishia mtoto anayeomba maji kwa Kiyaaku.

Kwa hiyo methali yetu inahitaji nusu ya pili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari bila mali ni habari ya kupotea.

Deni letu

Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa *Atlasi ya Lugha za Tanzania*, na mradi huo huo umechapisha vitabu vya msamiati na sarufi za lugha kadhaa. Yaani sehemu ya daftari ipo. Na wasemaji wapo; hatujafika kwa Wayaaku. Wengi wa lugha hizo ni za Kibantu, ndugu wa damu wa Kiswahili, zenye ngeli na viambishi vya mpangilio ule ule. Kanuni zilizoandikwa Helsinki kwa ajili ya hasomi na changu si za kunakili tu, lakini ni kiunzi. Anayetaka kuijengea Kinyambo au Kivunjo mashine ya kuvunja maneno haanzi porini. Programu za kuundia mashine hizo, kama foma ya Mans Hulden na HFST ya Helsinki, ni huria; hulipi hata senti.

Ugumu uko kwingine, nao si wa kupendeza kuusema kwenye ukumbi wa wapenzi wa Kiswahili. Huko Norwe lugha iliyomeza ilikuwa Kinorwe. Kanada, Kiingereza na Kifaransa. Kwetu, katika nyumba nyingi za mijini na sasa vijijini, lugha inayomeza ni hii ninayoiandika. Tumeisifu kwa haki: imetuunganisha, haina kabila, imebeba uhuru wa nchi. Lakini lugha inaweza kumeza huku ikitabasamu. Mzazi anamwambia mtoto Kiswahili ili asichekwe shuleni, na mtoto anakua akimsalimia bibi yake kwa lugha ambayo bibi alijifunza ukubwani.

Kiswahili kilipata mashine yake mapema, kwa juhudi za wageni na kwa bahati ya ukubwa wake. Kinachoweza kufanya sasa kama kaka mkubwa ni kuwa daraja: kamusi za lugha ndogo ziandikwe kwa Kiswahili badala ya Kiingereza peke yake, sarufi zielezwe kwa istilahi ambazo mwalimu wa shule ya msingi anazielewa, na kijana wa kompyuta wa Dodoma au Mombasa ajue kwamba kuna kazi inayomsubiri ambayo haimtaki awe na kompyuta kubwa kama ghala. Inamtaka akae miaka miwili na mtu wa kwao anayeijua lugha, amuulize kwa nini hapa irabu imegeuka na pale haikugeuka, na aandike jibu.

Atakapokuwa anauliza, itabidi aulize kwa lugha hiyo. Hapo ndipo mali itakapoanza kuhesabiwa, kabla hata kompyuta haijawashwa.